Gari la Kale Likisha Kuuzwa

Hatukubaliani hata kidogo na wale wasemao kwamba gari likisha kuuzwa habari yake imekwisha. Usemi huu tumeusikia katika gereji za Jinja na Mbale, na la kusikitisha zaidi, tumeusikia hata katika vyumba vya walimu. Mali ni ya mwenyewe, husemwa; akitaka huitunza, akitaka huiuza, na mnunuzi naye huifanya apendavyo. Hayo ya haki hatuyapingi. Tunalolipinga ni ule upofu unaofuata mauzo, kwani siku fedha zinapohesabiwa ndiyo siku ambayo kila mtu huacha kuuliza.

Magari haya hayakuletwa kuwa mapambo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Jinja ilikuwa ikigeuka kuwa mji wa viwanda, na Mbale ilikuwa soko la kahawa ya Mlima Elgon. Malori ya Bedford, Land Rover na Volkswagen, na baadaye Peugeot 404, ndiyo yaliyobeba magunia, wagonjwa, maharusi na walimu wa wakati ule. Kisha, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia askari huko Tororo, panapoachana reli ya Jinja na ile ya Mbale, kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza hawana nafasi tena nchini. Walipewa siku 90. Mali yao ilitwaliwa, na magari mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa au yaliachwa uani. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kurudisha nyumba na viwanda kwa wenyewe. Lakini gari ni kitu kitembeacho, nani angelifuata?

Waliolifuata ni watu wachache: makanika, wachuuzi, watumishi wastaafu, waliolifunika turubai na kuliwasha kila Jumapili lisije likaganda. Hao ndio wakusanyaji wetu, wala si matajiri wa kuonyesha fahari. Sasa wamezeeka, na watoto wao wanataka karo.

Basi gari huuzwa, na aghalabu huishia katika tanuri. Jinja imekuwa ikiyeyusha vyuma chakavu tangu miaka ya 1960, kwa umeme wa Mto Nile, na mizani ya vyuma haitofautishi kitanda kilichovunjika na lori lililopanda Elgon kabla ya uhuru. Kinachopimwa ni kilo. Baada ya siku chache lori ni nondo, na hatushangai ikiwa kuta za madarasa yetu zimeshikwa na nondo hizo. Mengine huchinjwa kwa ajili ya spea: ekseli huenda kwenye tela, injini kwenye kinu cha mahindi. Kwa hili hatumlaumu fundi, maana bila yeye gari lisingefika hata miaka 20.

Yaliyo adimu kweli husafirishwa kupitia Mombasa. Huko ng'ambo hupakwa rangi mpya, hupewa viti vipya, na katika tangazo la mnada huandikwa kwamba lilipatikana Afrika. Afrika! Mbale haitajwi, mtaa hautajwi, wala fundi aliyelichongea kifaa kwa tupa usiku kucha. Na atakayetaka kulirudisha Uganda atalazimika kwanza kujibizana na sheria ya 2018, inayozuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi.

Tutaambiwa kwamba kulinda urithi ni kazi ya serikali. Naam, lakini sheria ya 1967, iliyosimamia urithi wetu kwa zaidi ya nusu karne, ilitaja vitu vya akiolojia, vya visukuku, vya mila na vya jadi. Mashine haikutajwa. Jumba la Makumbusho la Kampala limehifadhi magari ya marais. Gari la mnunuzi wa kahawa halina mlezi. Hata hivyo reli imepata makumbusho yake papo hapo Jinja, mwaka 2022, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba jambo lenyewe haliwezekani.

Hatuombi mauzo yapigwe marufuku. Twadai kwamba kabla ya ufunguo kukabidhiwa, kadi ya gari inakiliwe, picha ipigwe, na majina ya waliolimiliki na waliolitengeneza yaandikwe. Kazi hii ni yetu walimu wa Kiswahili kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika gereji za mashariki watu wa makabila mbalimbali huelewana kwa lugha hii: usukani, klachi, springi, kabureta, bodi. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuifanya kwa alasiri moja. Wauzaji tunawafahamu, baadhi yao ni majirani zetu, na muhula huu una majuma kadhaa yaliyosalia.