Karatasi za babu waliandika wenyewe

Miaka michache iliyopita mshikaji wangu wa Likoni alifikisha 18, akaenda kuomba kitambulisho. Kwenye msasa akaambiwa alete karatasi za babu. Msee hakuwahi hata kumwona huyo babu!

Bibi yake ndiye aliyemwokoa. Alitoa sandukuni kikopo cha bati, ndani mna kipande. Kama hukijui, mkoloni alilazimisha kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu atembee nacho, wengi wakikining'iniza shingoni. Kilikuwa na jina, kabila, alama za vidole na mwajiri. Ukipatikana bila hicho, ni faini au jela. Wazee walikichukia, na siwalaumu.

Sasa balaa: kipande kilisema Amesi, si Hamisi. Karani aliandika alivyosikia. Ofisini wakasema huyo ni mtu mwingine. Ikabidi mshikaji aachane na jina, atafute vitu visivyoweza kugongana vyote kwa bahati tu: jina la baba ya babu, kijiji chao Kwale, na kazi ya bandarini Kilindini ambayo wazee waliikumbuka. Vyote vikaoana na kipande. Hapo ndipo walipokubali, miezi minane baadaye.

Na yule ambaye kikopo chao kilitupwa zamani? Sensa haimsaidii. Ripoti ya sensa ya 1948, iliyohesabu watu kama milioni 5.4, inakupa jumla tu, si jina la mtu. Marekani nao walifungua fomu za sensa ya 1950 mnamo Aprili 2022, majina yote, bure mtandaoni. Kijana wa Chicago anamtafuta babu yake kwa simu akiwa kitandani.

Sawa, 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa msasa wa ziada. Poa. Lakini serikali ndiyo iliyomwandika babu, kwa nguvu, kwa hivyo kazi ya kumtafuta ni yake. Nairobi sote tunakutana nje ya Archives, pale Moi Avenue, wangapi tumeingia? Faili zilizomo zipigwe picha, ziwekwe mtandaoni, na mtu aweze kutafuta kwa kijiji na jina la baba, maana majina yaliharibiwa na makarani.

Mdogo wa mshikaji anafikisha 18 mwezi Desemba. Bibi ameshakihamishia kikopo chini ya godoro.