Ulimi wa shabiki baada ya filimbi ya mwisho

  

Jumapili, Mei 25, 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ilihitimishwa katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Simba ilitoka sare ya bao 1-1 na RS Berkane ya Morocco, na kwa kuwa ilikwisha kufungwa mabao 2-0 ugenini Mei 17, kombe likachukuliwa na wageni kwa jumla ya mabao 3-1. Tangu jioni ile, hakuna baraza wala kijiwe kilichosalimika na mjadala. Hata ukumbi wa msikiti, ambamo watu hungojea adhana ya Ishaa kwa tasbihi, umekuwa na kesi zake: yupo anayemshitaki kocha, yupo anayemshitaki mwamuzi, na yupo anayeushitaki uwanja wenyewe.

Safu hii haikuandikwa ili kutoa hukumu juu ya mpira. Wapo wajuzi wa fani hiyo. Linalotuhusu sisi ni ulimi wa Muislamu anapoizungumzia timu aliyoipenda na ikashindwa, kwa sababu maneno yaliyotoka wiki ile katika baadhi ya nyumba zetu yana uzito kuliko bao lolote.

Safari iliyostahiki kuzungumzwa

Tuanze kwa uadilifu. Mjadala wenyewe si haramu, na timu hii ilitoa mengi ya kujadiliwa. Katika robo fainali ilifungwa mabao 2-0 na Al Masry nchini Misri, siku chache tu baada ya Idi ya Mfunguo Mosi. Aprili 9, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikayarudisha mabao yote mawili, kisha ikashinda kwa mikwaju ya penalti 4-1, kipa Moussa Camara akiwa nguzo yake. Katika nusu fainali ikaitoa Stellenbosch ya Afrika Kusini kwa bao moja la Jean Charles Ahoua lililofungwa hapo hapo Amaan, baada ya kulilinda kule Durban kwa sare isiyo na mabao. Ilikuwa ni fainali ya kwanza ya Afrika kwa klabu hiyo tangu mwaka 1993, ilipofungwa mabao 2-0 na Stella ya Abidjan jijini Dar es Salaam. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, naye ana watoto wanaomwuliza kwa nini baba analia.

Basi si ajabu watu kuzungumza. Ajabu ni namna ndimi zilivyogeuka. Kinywa kilichosema usiku wa Aprili 9 kwamba kocha Fadlu Davids ni zawadi kwa klabu, ndicho kilichosema Mei 25 kwamba hajui kitu na afungashe virago. Kati ya kauli hizo mbili hakikupita hata miezi miwili, na kocha alikuwa yule yule. Mwenye kusifu kwa kupindukia hulaumu kwa kupindukia, na katika hali zote mbili mizani ya uadilifu haikuwa mkononi mwake.

Ngamia wa Mtume aliposhindwa

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, na Imamu Bukhari ameipokea, habari ya ngamia jike wa Mtume (S.A.W.) aliyeitwa Al-Adhbaa. Ngamia huyo alikuwa hashindiki katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, wakashindana, na Al-Adhbaa akaachwa nyuma. Jambo hilo likawa zito mno kwa Waislamu, hata Mtume (S.A.W.) akaliona katika nyuso zao. Akawafahamisha kuwa ni haki ya Allah kwamba hakuna kitu cha dunia kitakachonyanyuka ila Yeye atakishusha.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, masahaba walihuzunika na hawakukaripiwa kwa huzuni yao. Kuipenda timu na kuumia inaposhindwa ni katika tabia ya binadamu. La pili, na ndilo zito zaidi, hakuna aliyesema kuwa ngamia amelishwa kitu, wala kuwa aliyempanda amehongwa, wala kuwa bedui ametumia hila. Walipewa tafsiri ya imani, nayo ikawatosha: cha dunia hupanda na hushuka.

Katika Bukhari vilevile imo habari ya watu wa kabila la Aslam waliokuwa wakishindana kulenga shabaha. Mtume (S.A.W.) akawahimiza warushe mishale na akasema yeye yuko pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili likaizuia mikono yake, wakisema watarushaje naye yuko na wenzao. Akawaambia warushe, naye yu pamoja nao wote. Alipoona ushabiki unakaribia kuwakata watu vipande viwili, aliwarudisha katika umoja kwa neno moja. Wazee wa mabaraza yetu wangeliweza kuifanya kazi hiyo, lau wao wenyewe wasingelikuwa wa mwanzo kupandisha sauti.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mabishano mengi niliyoyasikia wiki ile yamechanganya mambo matatu ambayo elimu yetu imeyatenganisha: kilichoonekana, rai, na nia.

Kilichoonekana hakina ugomvi. Kule Berkane mabao mawili yaliingia ndani ya robo saa ya mwanzo. Kule Amaan, Joshua Mutale alifunga dakika ya 17 na matumaini yakafufuka. Mapema katika kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na timu ikabaki na wachezaji kumi. Bao la Steven Mukwala likakataliwa baada ya mwamuzi kurejea picha za video. Katika dakika za nyongeza wageni wakasawazisha. Mwenye kuyasema haya anasimulia, na msimulizi mkweli hana lawama.

Rai ni mlango wa pili, nao una nafasi yake. Je, kocha angelianza kwa kujihami zaidi kule Morocco? Je, mechi ya marudiano kuhamishiwa Amaan, uwanja wa watu wapatao 15,000, badala ya Mkapa wenye kubeba 60,000, kulipunguza nguvu ya timu? Haya ni maswali ya kijiwe halali. Kila mmoja ana ijtihadi yake, na hakuna anayelazimika kuifuata ya mwenzake. Maimamu wetu wakubwa walihitilafiana katika mas'ala ya Swala na wakaendelea kuswali nyuma ya wenzao. Sisi tunashindwa kula pamoja kwa sababu ya safu ya ulinzi.

Mlango wa tatu ni wa nia, na huu umefungwa. Anayesema, "Wameuza mechi," hasimulii wala hatoi rai. Anadai kuyajua yaliyomo vifuani mwa watu, kisha anawatuhumu kwa hiyana. Usama bin Zayd (R.A.) alipomuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akajitetea kuwa aliitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (S.A.W.) alimlaumu vikali na kumwuliza iwapo alikuwa ameupasua moyo wake. Ikiwa sahaba mpendwa hakuruhusiwa kuhukumu moyo wa adui aliyekuwa mbele yake, sisi tuliokaa mbele ya televisheni tutaupasuaje moyo wa mchezaji?

Mchezaji naye ana mama. Ana mke anayekwenda sokoni na watoto wanaokwenda madrasa. Tuhuma ya kuuza mechi isiyo na ushahidi ni buhtani, na haki ya mja haifutiki kwa kusahaulika barazani. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na katika aya ya 12 inatuonya tujiepushe na dhana nyingi. Mwenye ushahidi aupeleke kwenye mamlaka zinazosimamia mchezo huo. Asiyekuwa nao, na anyamaze.

Fedha za udhia

Haya si maonyo ya hewani. Wiki ile mama mmoja mtu mzima alifika kwa imamu wa msikiti wetu akilalamikia wanawe wawili, wanaoishi naye katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yao. Nayaeleza haya kwa ridhaa ya wote watatu, bila ya majina, ili iwe ibra.

Msidhani kuwa mmoja alikuwa Simba na mwingine Yanga. Wote wawili ni Simba. Jumapili jioni mkubwa alisema wachezaji wameuza mechi. Mdogo akawatetea kuwa wamepigana wakiwa pungufu. Neno likazaa neno, mpaka mdogo akaitwa mpumbavu mbele ya mkewe, naye akajibu kwa tusi lililogusa malezi. Tangu hapo hawakupeana salamu, na mama akawa anapakua chakula mara mbili katika nyumba moja.

Imamu aliwaita mmoja mmoja, kisha pamoja, nami nikiwa mwandishi wa kikao. Alimwuliza mkubwa swali moja tu: "Mwanangu, wewe umepoteza nini hasa katika mechi hii?" Kijana alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema. Fedha alizoziweka tangu Mfunguo Mosi ili anunue mbuzi wa udhia, aliziwekea mkeka kwamba Simba itabeba kombe. Ile hasira juu ya wachezaji ilikuwa ni hasira ya mtu anayejua alichokifanya na anatafuta wa kumtwika. Aliyemuuza mbuzi hakuwa mchezaji.

Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeiharamisha kamari na ikaeleza sababu: shetani anataka kwayo kutia uadui na bughudha baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na Swala. Katika nyumba ile uadui ulitimia ndani ya saa chache. Vijana wengi husema kubeti ni mchezo mdogo wa kuongeza ladha ya mechi. Ladha hiyo ndiyo inayoufanya mguu wa mchezaji uwe umeshika chakula cha watoto wako, nawe umchukie anapoteleza.

Imamu alimweleza kwamba udhia katika madhehebu yetu ya Shafi'i ni sunna iliyokokotezwa kwa mwenye uwezo, kwa hiyo asikope ili kuficha aibu. Kilicho wajibu kwake ni toba na kuiacha kamari. Akawakumbusha wote wawili Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Mdogo ndiye aliyeanza. Mbuzi hakurudi, lakini mama amerejea kupakua chakula mara moja.

Majina ya kebehi

Kuna ndugu zetu wa upande wa pili wanaoisoma makala hii kwa tabasamu. Nao wana fungu lao. Utani wa watani wa jadi ni wa zamani, na una raha yake unapobaki utani. Lakini tazameni majina tunayoitana: huyu "Kolo", yule "Utopolo". Aya ya 11 ya Suratul Hujurat imekataza watu kuwadharau watu wengine na kuitana kwa majina ya kejeli. Aya haikusema, "isipokuwa katika mpira". Mtoto anayesikia baba akimwita jirani wa safu ya kwanza msikitini kwa jina la takataka, hujifunza kuwa heshima ya Muislamu inategemea rangi ya jezi.

Ulimi ukiachiwa, hufuatwa na mkono. Desemba 15, 2024, baada ya mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, vurugu zilizuka katika Uwanja wa Mkapa na viti zaidi ya 200 viling'olewa. Malipo yake ni kuwa mwezi uliofuata Simba iliikaribisha CS Constantine ya Algeria bila ya mashabiki jukwaani. Hasira ya wachache iliwanyima maelfu walichokipenda.

Kabla ya Idi

Fainali hii ilichezwa mwishoni mwa Mfunguo Pili, mmoja wa miezi minne mitukufu, na mara likafuata kumi la mwanzo la Mfunguo Tatu, siku ambazo amali njema hupendeza mno mbele ya Allah. Mahujaji walikuwa safarini kuelekea Arafa. Sisi tuliobaki tulikuwa na funga ya siku hiyo, takbira, sadaka, na kuunga udugu. Mechi ya watani iliyoahirishwa Machi 8 nayo ilikuwa bado haijachezwa, kwa hiyo mabishano yalikuwa hayajakwisha.

Nawaomba akina baba jambo moja jepesi. Kabla ya Swala ya Idi, kila aliyemtupia ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake neno zito kwa sababu ya mechi hii, amwendee na amwombe radhi kwa kulitaja neno lenyewe, wala asiseme tu, "Nisamehe kama nimekukosea." Na aliyeombwa asamehe. Watoto na waone. Wamekwisha kutuona tukigombana. Wana haki ya kutuona tukipatana.

Allah (S.W.) azihifadhi ndimi zetu, azilinde fedha za nyumba zetu na haramu, na atuunganishe nyoyo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.