Wazee wa mgodi waingie chuo kikuu, wafundishe

Mwaka 2003 Gécamines ilitoa wafanyakazi 10.655 kwa ule mpango tuliouita « départ volontaire ». Ndani yao kulikuwa mafundi wa umeme, wa mashine, wa mina. Wengine tumeshawazika. Wengine wako kwa parseli wanalima mboga.

Sasa kijana anamaliza Polytechnique hapa Lubumbashi. Hesabu anajua vizuri kabisa. Lakini hajawahi kugonga dari la mgodi kwa chuma na kusikiliza. Jiwe likilia kwa ukali, liko nguvu. Likilia kama ngoma, limeachana na mwamba: toka mbio! Kitu hicho hakipatikani ubaoni. Kiko kwa mzee aliyekaa chini ya udongo miaka makumi mawili. Wale walioona Kamoto inaporomoka mwaka 1990, leo ni wazee.

Chuo kikuu kina ngazi zake: bila doktora, huwi profesa. Sipingi. Na si kila fundi mzuri anajua kufundisha (wangu alijua kugomba tu). Lakini usalama, mina, kutunza mashine, nani azifundishe? Mzee aitwe kwa mkataba, alipwe kwa saa. Asipewe soda na « aksanti papa ».

Na kampuni zinazolia kila siku eti vijana wetu hawana uzoefu, zifungue mgodi kwa mzee na wanafunzi wake pamoja. Sisi wa sendika tutalileta mezani tukizungumza mkataba wa pamoja.

Ndugu, kama baba yako alifanya kazi ile, muulize leo kama daftari zake ziko bado.