Nukta Isipotee Juu ya Kioo



Mama mmoja ameniletea swali juu ya bintiye wa miaka saba, aliyenunuliwa kishikwambi chenye kalamu yake ili ajizoeze kuandika alifu na be. Juu ya kioo mwandiko wa mtoto ni laini, utadhani umetoka mkononi mwa mwandishi hodari. Akipewa karatasi, mistari yatetemeka na meno ya sini hayalingani. Mama auliza: je, chombo hiki chamfundisha mwanangu au chamsitiri?

Chamsitiri. Lakini kabla ya kukilaumu, yafaa tujue kinafanya nini.

Ncha ya kalamu inapogusa kioo, chombo hakioni mstari. Hunakili mahali ilipo ncha, mara nyingi sana kwa kila sekunde, kikapata vituo vinavyofuatana kama shanga katika uzi. Shanga hizo hazikai sawa: mkono hutetemeka, kioo huteleza, na chombo chenyewe hukosea kidogo katika kupima. Pale kalamu inapotua na inapoinuka, mara nyingi huzuka kijikulabu ambacho mwandishi hakukikusudia. Ndipo mstari husafishwa.

Usafishaji huu si mambo ya jana. Mwaka 1966, katika taasisi ya RAND huko California, Marekani, Gabriel Groner alieleza programu ya kusoma herufi zilizoandikwa kwa kalamu juu ya ubao wa umeme. Kila kituo kipya kilichukuliwa pamoja na kile kilichokwisha kulainishwa kabla yake, ukatafutwa wastani, na mtetemo ukapungua. Kisha vituo vilivyokaribiana mno vikaachwa, vikasalia vichache vya kutosha kuonyesha umbo. Fikra hizo mbili zingali zinatumika hadi leo.

Ila Groner alishughulika na herufi kubwa za Kilatini, zilizoandikwa moja moja, na hizo hazina nukta. Zetu zinazo. Nukta ni mguso mfupi wenye vituo vichache, na programu iliyoagizwa kutupa kila mguso mfupi, ikidhani ni kiganja kilichogusa kioo kwa bahati mbaya, huitupa na nukta. Wazee wetu wa Pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangeielewa hasara hiyo mara moja, kwani taa na baa hutengwa na nukta tu, mbili juu au moja chini. Mtu aombe taa, aletewe baa!

Kulainisha nako kukizidi hukata pembe, kwa kuwa wastani daima hubaki nyuma ya kalamu. Pembe ya dali huviringika ikawa kama ra, na meno matatu ya sini hulala. (Wako waandishi wa khati ya ruq'a wanaoyalaza kwa makusudi, lakini hao walikwisha kujifunza kuyasimamisha.)

Mtu mzima anayetaka chombo kisome ujumbe wake, na asafishiwe mistari. Ni msaada, maadamu nukta zimesalimika. Mtoto anayejifunza ana haja nyingine. Mtetemo wake ndio unaomwonyesha mwalimu mahali mkono ulipokaza kalamu kupita kiasi, au ulipokimbilia herufi kabla ya kuimaliza. Ukifutwa, mwalimu hana cha kusahihisha, na mtoto huamini kuwa amekwisha kuweza.

Basi, mama, fungua mipangilio ya programu hiyo. Nyingi za kuandikia na kuchorea zina mahali pa kupunguza ulainishaji. Ushushe hadi mwisho wakati mtoto anapojizoeza. Usipopaona, tafuta programu nyingine. Kisha mwambie aandike herufi ya tha upesi upesi mara kumi, nawe uhesabu nukta zilizobaki: ziwe 30. Na nusu ya mazoezi yafanywe kwa penseli juu ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo umpelekee mwalimu wake wa chuo, si picha ya kioo.