Anayetunza naye ana neno

Mwandishi aliyelalamika majuzi kwamba kutunza waimbaji kumeua taarabu, na kwamba ukumbi ungetulia kimya ndipo tusikie muziki, ameona noti tu. Hakuangalia imetolewa kwenye ubeti gani.

Mwanamke hainuki ovyo. Anasubiri maneno yake. Yakifika, huyo anasogea mbele kwa madaha, noti imekunjwa vidoleni, anamtunza mwimbaji huku jicho likimtafuta mlengwa aliyekaa meza ya tatu. Mtunzi aliandika kuhusu jirani asiye na jina. Jina amelitia huyu, bila kufungua mdomo. Na wa meza ya tatu akiwa hodari, atasubiri wimbo unaofuata, naye ainuke ajibu. Ukimkalisha kitini, nusu ya wimbo umeifuta.

Eti, anasema, enzi za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad wasikilizaji walijiheshimu. Siti, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, aliimba kesi za mahakamani na habari za mitaani. "Kijiti" ni wimbo wa mauaji: mtuhumiwa akatorokea bara, mashahidi ndio wakafungwa. Watu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, waliosikia wimbo ule kisa walikijua. Wangenyamaza vipi?

Ni kweli wapo wanaojazana jukwaani kujionyesha, wakapiga picha mpaka mwimbaji haonekani. Hao wanahitaji mshereheshaji mkali awarudishe vitini. Asiyetaka bughudha kabisa, redio anayo nyumbani.