Gari Refu, Tumbo Wazi

Kuna ugonjwa umewaingia wenye magari wa rika langu, na dalili yake ya kwanza ni springi. Mtu ananunua Prado au Land Cruiser iliyotumika, kadi haijabadilishwa jina, tayari yuko gereji anaulizia bei ya kuinua. Springi ndefu, shokapu ndefu, tairi za inchi 33, rimu nyeusi, taa ndefu juu ya paa, snokeli. Gari likitoka hapo linatazama magari mengine kwa juu kama twiga kwenye kundi la mbuzi. Picha zinapigwa, pongezi zinamiminika. Sasa chukua gunia, litandike, ulale chali chini ya gari hilo hilo. Utakuta sampu ya injini, gia boksi, transfa na tangi la mafuta vimekaa wazi. Pengine kuna bati jembamba la kiwandani ambalo nusu ya bolti zake zilishapotea siku ya kumwaga oili.

Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami nasema anayeinua gari bila kulikinga tumbo ameongeza hatari, kisha akaibatiza jina la maandalizi. Baya zaidi, gharama ya uongo huo mara nyingi hailipi yeye. Huilipa aliyeshika usukani.

Tuanze na hesabu, maana biashara ya kuinua hustawi pale ambapo watu hawaulizi hesabu. Magari mengi ya watalii huku kaskazini mwa Tanzania ni Land Cruiser za ukoo wa 70, uliotoka kiwandani mwaka 1984. Yana ekseli ngumu mbele na nyuma, na katikati ya kila ekseli kuna bonge la chuma tunaloliita difu. Ukiweka springi za kuinua sentimita 5, bodi inapanda sentimita 5. Difu haipandi hata milimita moja, kwa kuwa inabebwa na magurudumu, haibebwi na springi. Kitu pekee kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi, nazo hutoa nusu tu: ongeza sentimita 5 kwenye kipenyo cha tairi, umepata sentimita 2.5 chini ya difu.

Prado ina kisa chake. Magurudumu yake ya mbele yanajitegemea tangu toleo la mwaka 1996, kwa hiyo ukiinua, difu ya mbele inapanda pamoja na bodi. Lakini shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni sasa zinainama kwa pembe kali. Mipira inayofunika maungio yake inasuguana, inachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Difu ya nyuma, ile iliyo kwenye ekseli ngumu, imebaki pale pale ilipokuwa.

Sisemi kuinua hakuna faida. Tumbo kati ya ekseli linapanda kweli, na pua ya gari inaweza kukabili mwinuko mkali bila kuchimba. Lakini uzito nao umepanda, na gari lenye uzito juu huwa jepesi kupinduka kwenye kona na kwenye miteremko ya ubavu. Halafu kuna badiliko ambalo halipimwi kwa rula: tabia ya dereva. Jiwe ambalo jana angelizunguka, leo analipitisha katikati ya magurudumu. Korongo ambalo angeshuka kwanza kulikagua kwa miguu, leo analiingia moja kwa moja. Urefu unampa ruhusa ya kwenda mahali ambapo tumbo litaguswa, na tumbo lenyewe halijaandaliwa kuguswa.

Nalo litaguswa tu. Kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, tairi huzama mpaka gari linalala kwa tumbo. Kwenye mawe, gurudumu moja huteleza kutoka juu ya jiwe na gari la karibu tani tatu, pamoja na abiria na mizigo, hutua juu ya kile kilicho chini kabisa. Kama kilicho chini ni sampu ya bati, itabonyea hadi izibe mdomo wa bomba linalonyonya oili. Kama ni ya aluminiamu ya kumiminwa, haibonyei, inapasuka. Injini isiyo na oili haina mazungumzo ya muda mrefu na dereva. Ndani ya dakika chache imekwama.

Dawa yake si siri wala si teknolojia ya ajabu. Ni mabamba ya chuma au aluminiamu yanayofungwa kuanzia nyuma ya bampa ya mbele, kupita chini ya injini, gia boksi na transfa, na jingine chini ya tangi la mafuta. Gari likitua, linatua juu ya bamba na kuteleza kama ngalawa inayovutwa mchangani. Lakini si kila chuma kilichofungwa chini ni kinga. Nimeshaona vipande vinavyong'aa chini ya bampa, vimepakwa rangi nyekundu, na nyuma yake hakuna kitu. Hicho ni kidani cha gari.

Bamba la kweli linajulikana kwa mambo machache, na kila mwenye gari anapaswa kuyajua kabla hajatoa pesa. Kwanza, hufungwa kwenye chesisi na mihimili yake, kamwe si kwenye sampu au gia boksi. Injini hucheza juu ya mipira yake, na bamba lililoshikizwa kwenye injini hupeleka kila pigo kule kule tulikotaka kukukinga. Pili, kati ya bamba na sampu lazima pabaki nafasi, kwa sababu hata chuma kizuri hupinda kidogo kikipigwa. Bamba lililobusu sampu ni nyundo inayosubiri mkono. Tatu, mabamba hupishana kama bati za paa: ukingo wa nyuma wa bamba la mbele hufunika kwa chini ukingo wa mbele wa bamba linalofuata, ili jiwe lisipate mdomo wa kushika. Nne, vichwa vya bolti huzamishwa au kukingwa. Vikiachwa wazi, mawe huvinoa mpaka spana haina pa kushika, na siku ya kufungua utahitaji moto. Tano, huachwa matundu ya kumwagia oili, kutolea maji na kupitisha hewa. Na fundi hutumia matundu yaliyopo kwenye chesisi. Fundi anayekimbilia kutoboa na kuchomelea chesisi kabla hajayatafuta matundu hayo, mshukuru kwa adabu uondoke na gari lako.

Hayo yote yanagharimu chini ya seti ya tairi za inchi 33. Kwa nini basi hayafanywi? Jibu nilipewa na mjomba wangu, aliyeendesha watalii kwa miaka mingi. Msimu mmoja alikabidhiwa gari lililoinuliwa upya, tairi mpya, rangi mpya, tumbo wazi. Katika njia ya kwenda Ziwa Natron, huku Ol Doinyo Lengai ukionekana mbele, jiwe jeusi la volkano lilipiga sampu ikapasuka. Taa nyekundu ya oili ilipowaka alizima injini papo hapo. Injini ikaokoka kwa sababu yeye anaijua kazi yake. Wageni wakahamishiwa gari jingine, na yeye akabaki na gari mpaka lilipovutwa. Mwisho wa mwezi mwajiri wake, ambaye simtaji, akaanza kumkata mshahara. Sampu, gharama za kuvuta na usumbufu wa wageni, vyote vikaandikwa chini ya maneno mawili: uzembe wa dereva.

Nilimwuliza, "Mjomba, si ungewaambia kwamba gari halikuwa na kinga?"

"Mpwa wangu, nilisema kabla msimu haujaanza," alinijibu. "Nikaambiwa wageni hawapigi picha chini ya gari."

Nimeyachunguza maneno hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchunguza nadharia yoyote darasani. Ndani yake mna uchumi mzima. Kinachoonekana kinauza, kwa hiyo kinapata bajeti. Kisichoonekana kinakinga, kwa hiyo kinapata dereva wa kulaumiwa. Springi zilinunuliwa na ofisi, jiwe likanunuliwa na mjomba.

Na hapa si suala la huruma tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiri wa Tanzania kisu cha kukatia mshahara apendavyo. Ili kumkata mfanyakazi kwa hasara, ni lazima hasara hiyo iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo chake na kiasi chake, na apewe nafasi ya kupinga. Hata ikifika hapo, makato hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake wa fedha. Sasa niambie, kosa la nani? Njia ile ina mawe tangu volkano iyateme. Ofisi ililijua hilo ilipoandika safari kwenye ratiba, na ililijua ilipopokea fedha za wageni. Kosa lilitendeka siku ile mtu mmoja, kwenye kiti chenye mto, alipochagua rimu badala ya bamba.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayasikia gerejini. "Kijana, rudi kwenye vitabu vyako, bamba ni mzigo." Haya, tupime. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 4 ina takriban kilo 31. Aluminiamu ya milimita 6, eneo hilo hilo, ina takriban kilo 16. Hema la kufunga juu ya paa, ambalo watu hao hao hulipandisha bila kunung'unika, mara nyingi huzidi kilo 50. Hema linakaa juu na kulifanya gari liyumbe. Bamba linakaa chini, mahali ambapo uzito hutulia. Anayelalamikia kilo za bamba huku amelala juu ya paa hajawahi kujali uzito.

"Bamba linaficha uvujaji na kukusanya matope na nyasi." Hili ni kweli, na ni kubwa. Nyasi kavu za Serengeti zikijazana kati ya bamba na eksozi zinaweza kushika moto. Ndiyo maana bamba hufunguliwa, husafishwa, hukaguliwa. Lakini mtu anayeniambia kwamba kinga ni mbaya kwa kuwa inahitaji kuoshwa ananiambia habari za uvivu wake.

"Mtengenezaji angeona linahitajika angeliweka." Mtengenezaji pia hakuweka hizo springi zako. Ukishaugusa urefu alioupanga, umejitwika kazi yake. Imalize.

Na kama urefu ndio ungekuwa siri ya kupita njia mbaya, historia yetu wenyewe ingesimulia mengine. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope yanayomeza watu wazima. Miaka ya 1960 yalishindwa mara kadhaa na Peugeot 404, saluni ya kawaida ambayo leo vijana wangeicheka maegeshoni. Saluni hizo zilikingwa chini, zikaendeshwa na watu walioisoma njia. Au tazama Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989 na kuchangia uzio wa Aberdare wenye takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Pale anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, mwendo kasi hauhesabiwi, kwa hiyo magari hupita juu ya mawe badala ya kuyazunguka. Wanaokwenda kushindana kweli hawafiki na tumbo wazi.

Kwa hiyo ninayo madai matatu, na sioni sababu ya kuyalainisha. Wewe kijana unayeinua gari kwa pesa yako: bajeti ya kwanza iwe ya bamba, na springi zifuate. Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, baki na urefu wa kiwandani na uzunguke jiwe. Wewe fundi: mteja akija kuinua, mwulize kuhusu tumbo kabla hujamtajia bei, na kazi ukiikabidhi, mwalike alale chini aione. Na wewe mwenye kampuni: usimkate dereva hata shilingi moja kwa sampu uliyoipeleka kwenye mawe ikiwa uchi.

Madereva nao nawaomba jambo moja. Kabla hujasaini kupokea gari la msimu, lala chini yake na simu yako. Piga picha ya sampu, ya gia boksi, ya tangi, tarehe ionekane, kisha itume ofisini kwa maandishi. Walisema wageni hawapigi picha chini ya gari. Basi piga wewe.