Mvua za radi Songea: Mkulima aweke mbolea leo au asubiri?

IFIKAPO Januari, mkulima wa mahindi wa Songea hukabiliwa na swali ambalo utabiri wa msimu haulijibu. Mahindi yamefika usawa wa goti, mbolea ya kukuzia iko ndani, na wingu jeusi limeanza kupanda. Aweke leo au asubiri?

Swali hilo lina bei. Katika msimu wa 2022/23, ruzuku ilishusha mfuko wa kilo 50 wa urea kutoka Sh124,734 hadi Sh70,000. Ndani yake naitrojeni ni kilo 23 tu. Manyunyu baada ya kuweka mbolea ni neema, kwani urea iliyoachwa juu ya udongo hupotea hewani. Mvua kubwa ya ghafla, hasa kwenye mashamba ya miteremko, huisomba hadi bondeni. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba itanyesha. Muhimu ni saa na ukali wake.

Hapo ndipo penye ugumu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika pwani. Wingu la radi huzaliwa mchana baada ya jua kuchoma ardhi, na moja likiwa peke yake huweza kukomaa na kwisha ndani ya saa moja hivi. Yakijipanga mstari, ndipo husafiri kwa saa nyingi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa angalizo na tahadhari za siku tano, lakini kwa kutaja mikoa. Ruvuma inaanzia Ziwa Nyasa hadi Tunduru, zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Onyo linaweza kuwa sahihi kabisa huku Peramiho ikipata gharika na Namtumbo ikibaki na vumbi. Wanaosema wamedanganywa hawawatendei haki watabiri.

Rada husaidia, ila umbali una mipaka yake. Kutoka Mbeya hadi Songea ni kama kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo, kutokana na mviringo wa dunia, mwale unaorushwa sambamba na ardhi huwa juu zaidi ya kilomita tano. Unaona kichwa cha wingu, si mvua inayofika shambani.

Hata hivyo, picha za satelaiti hupatikana kila robo saa, na ofisa ugani ana simu. Onyo la saa tatu, hata likikosea mara kwa mara, lina faida kwa mahindi: kuahirisha mbolea siku moja hakugharimu kitu kikubwa, kuikosea mvua kunagharimu mfuko. Kwa tumbaku hesabu ni nyingine. Mvua ya mawe huchana majani yaliyo shambani, na hakuna wa kuyaahirisha. Huko kinachohitajika zaidi ni bima.

Radi yenyewe haihitaji mtambo. Kila sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja. Zikipungua 30, jembe liachwe na watu waingie ndani ya nyumba, si chini ya mwembe.